Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Tarehe 30 Aprili, 2025, katika mji wa Rabat, Moroko, timu ya Taifa ya wanawake ya futsal ya Tanzania ilicheza fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya wenyeji. Mashindano hayo yalikuwa ya kwanza ya aina yake katika bara hili, na mataifa tisa yalishiriki. Moroko ilishinda kwa mabao matatu kwa mawili. Tanzania ilishika nafasi ya pili, na pamoja na Moroko ikapata tiketi ya kwenda Ufilipino kucheza fainali za kwanza za Kombe la Dunia la FIFA la futsal ya wanawake.

Jambo hilo si dogo. Hadi mwaka 2025 ulipokwisha, kandanda ya Tanzania ilikuwa imefika katika fainali za Kombe la Dunia la FIFA mara mbili, na mara zote mbili mlango ulifunguliwa na wanawake. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2022, wasichana wenye umri wa chini ya miaka 17 walipokwenda India, wakaifunga Ufaransa, wakavuka hatua ya makundi na kufika robo fainali. Mara ya pili ni hiyo ya Ufilipino. Mwenye kutaka kujua ni nani aliyeipeperusha bendera ya nchi hii katika mashindano makubwa kabisa ya mpira duniani hana budi kuanza kwa kuwataja mabinti.

Fainali za Ufilipino zilifanyika katika mji wa Pasig, kuanzia tarehe 21 Novemba hadi tarehe 7 Desemba, 2025. Mataifa kumi na sita yalishiriki. Tanzania ilipangwa kundi moja na Ureno, Japani na New Zealand. Ureno na Japani ndizo zilizosonga mbele, na Brazil ikatwaa kombe kwa kuifunga Ureno mabao matatu kwa bila katika fainali. Katika kundi lile Watanzania walionja mabao mengi ya Wareno, na kwa watu wengi habari ya futsal iliishia hapo.

Hapo ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini. Yapo mazoea mawili kuhusu timu za wanawake, na yote mawili hayafai. La kwanza ni kushangilia kupita kiasi siku ya ushindi: ngoma, hotuba, ahadi, na picha nyingi ambazo ndani yake wachezaji wanasimama nyuma na viongozi mbele. La pili ni kunyamaza siku ya kushindwa, kana kwamba timu haikupata kuwapo. Mazoea hayo yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba timu ya Taifa huota yenyewe kama uyoga baada ya mvua. Ikiota tushukuru, isipoota tusubiri mvua nyingine. Wahenga walikwisha kulikataa wazo hilo zamani waliposema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali la haki kuhusu timu ya futsal, basi, ni hili: je, jahazi hili liliundwa wapi, na nani ataunda la pili?

Jibu la sehemu ya kwanza halina budi kusemwa kwa ukweli. Wengi wa wanawake waliofika Rabat na Pasig walijulikana kwanza katika klabu za kandanda ya uwanja wa nyasi. Stadi zao zilikuzwa na Ligi Kuu ya Wanawake na kambi za timu nyingine za Taifa, kisha zikaazimwa na futsal. Walichofanya kwa kitu cha kuazima kinastahili heshima kubwa. Lakini mkopo una mwisho wake, na mwisho wa mkopo huo ulionekana katika sakafu ya Pasig.

Maana futsal si kandanda iliyopunguzwa. Kila upande una wachezaji watano, mmoja wao akiwa mlinda mlango. Uwanja wa mashindano ya kimataifa kwa kawaida huwa na urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, na lango lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Mpira ni mdogo kuliko ule wa kandanda, nao umetengenezwa usidunde sana: ukiangushwa kutoka kimo cha mita 2, hurudi juu sentimita 50 hadi 65 tu. Kila kipindi ni dakika 20, na saa husimamishwa kila mpira unapotoka. Wachezaji hubadilishwa bila hesabu, hata mpira ukiwa unachezwa. Anayeanzisha mpira uliokufa ana sekunde 4 tu, na akizidisha, mpira hupewa wapinzani. Makosa ya timu huhesabiwa, na kuanzia kosa la sita katika kipindi, wapinzani hupewa adhabu ya kupiga mpira langoni bila ukuta wa kuwazuia.

Kanuni hizo zinafundisha jambo moja. Katika uwanja wa nyasi, mchezaji mwenye mbio na nguvu anaweza kuuficha udhaifu wake wa kufikiri polepole. Katika sakafu ya futsal hakuna pa kujificha. Mpira humfikia akiwa amekwisha kuzingirwa, na akichelewa kwa nukta moja, mpira huo unakuwa langoni kwake. Kupokea kwa wayo wa kiatu, kugeuka katika nafasi ndogo, kupeana nafasi bila kutazamana, kujua lini mlinda mlango atoke nje kwenda kushambulia: mambo hayo mtu hayapati katika kambi ya majuma matatu. Huyapata akiwa na miaka tisa au kumi, kwa kuyarudia maelfu ya mara, mpaka mguu ufanye kabla ya akili kuamuru. Wareno na Wajapani hawakuwazidi Watanzania kwa ushujaa wala kwa uzalendo. Waliwazidi kwa miaka.

Na miaka hiyo iliandaliwa na watu. Historia ya mchezo wenyewe ni ushahidi, na inafaa walimu waijue, kwa sababu mchezo huu ulibuniwa na mwalimu. Mwaka 1930, katika mji wa Montevideo nchini Uruguay, Juan Carlos Ceriani alikuwa akifundisha michezo katika chama cha vijana cha YMCA. Uruguay yote ilikuwa imeshikwa na wazimu wa kandanda, kwa kuwa mwaka huohuo Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa mjini hapo na wenyeji wakalitwaa. Vijana walitaka kucheza, lakini viwanja havikutosha. Ceriani hakuandika barua ya kulalamika na kungoja majibu. Alitazama alichokuwa nacho, yaani sakafu ya mpira wa kikapu, akatunga mchezo wa kuienea. Kutoka mpira wa kikapu akachukua hesabu ya wachezaji watano na dakika 40 za mchezo. Kutoka mpira wa mikono akachukua vipimo vya uwanja na lango. Kutoka mpira wa majini akachukua kanuni za mlinda mlango. Jina lenyewe futsal, kwa asili yake katika lugha za huko, maana yake ni mpira wa ukumbini.

Kwa hiyo mchezo huu ulizaliwa kutokana na uhaba. Yeyote anayesema kwamba shule yake haiwezi kuucheza kwa kuwa haina uwanja mkubwa anaitumia kuwa udhuru hali ileile iliyouleta mchezo duniani.

Ushahidi wa pili unatoka Brazil, mabingwa wa mwaka 2025. Wapo wanaodhani kwamba wanawake wa Brazil huzaliwa na mpira mguuni, na kwamba taifa jingine halina la kufanya ila kuwatazama. Historia inasema vingine. Amri ya Serikali ya Brazil ya mwaka 1941 iliwakataza wanawake michezo iliyodhaniwa kuwa haipatani na maumbile yao, na mwaka 1965 Baraza la Michezo la nchi hiyo likaorodhesha michezo hiyo kwa majina, mpira wa ukumbini ukiwa mmojawapo. Katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1979. Yaani wanawake ambao leo wanaitwa malkia wa futsal ni mabinti na wajukuu wa wanawake ambao kwao mchezo huo ulikuwa kosa. Baada ya mlango kufunguliwa, shule, klabu na vyuo viliingiza wasichana uwanjani mwaka baada ya mwaka. Mashindano ya dunia ya wanawake yalipoanza kufanyika mwaka 2010 nchini Hispania, kabla FIFA haijayashika, Brazil iliyatwaa, na ikaendelea kuyatwaa hadi ya mwaka 2015. Ushindi wa Pasig ulikuwa na msingi wa miaka zaidi ya arobaini.

Hata FIFA yenyewe haina haki ya kujisifu. Kombe la Dunia la futsal la wanaume lilianza mwaka 1989 nchini Uholanzi. Wanawake walingojeshwa hadi mwaka 2025, miaka 36. Katika muda huo mataifa yaliyokuwa na nia hayakukaa mikono mifukoni. Ulaya ilianza ubingwa wake wa wanawake mwaka 2019, na Hispania ikautwaa mwaka huo, na tena mwaka 2022 na 2023. Asia ilianza wake mwaka 2015. Moroko, iliyoifunga Tanzania mjini Rabat kwa tofauti ya bao moja tu, ni nchi ambayo wanaume wake walikuwa mabingwa wa futsal wa Afrika mwaka 2016, 2020 na 2024. Walimu, waamuzi na kumbi zilizowalea wanaume hao zilikuwapo tayari siku wanawake walipoitwa. Tofauti ya bao moja dhidi ya nchi ya namna hiyo ni dalili kwamba mbegu ya Tanzania ni njema. Kilichobaki ni shamba.

Lipo funzo jingine kutoka Asia, na hili linawahusu zaidi watumishi wa ofisini. Wanawake wa Iran walikuwa mabingwa wa bara lao mwaka 2015 na tena mwaka 2018, na mara zote mbili waliifunga Japani katika fainali. Walicheza wakiwa wamevaa mitandio na mavazi ya kufunika mikono na miguu, kwa hiyo anayesema kwamba stara na futsal haviwezi kukaa pamoja ajibiwe kwa vikombe hivyo viwili. FIFA nayo ilikwisha kuruhusu hijabu uwanjani tangu mwaka 2014. Shule za Unguja, Pemba, Tanga na Kilwa hazina sababu ya kuwa nyuma katika jambo hili.

Lakini mwaka huohuo wa 2015, timu ya Iran ilipokwenda Malaysia kulitwaa kombe la kwanza, nahodha wake, Niloufar Ardalan, hakuwamo. Sheria ya nchi yake ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe ili apewe pasipoti, na mume akakataa. Miezi michache baadaye, kwa idhini maalumu ya vyombo vya sheria, alikwenda Guatemala kucheza mashindano ya dunia. Habari hiyo ilienea ulimwenguni, na wengi walisikitika.

Msomaji wa Kitanzania akiisoma habari hiyo atashukuru kwamba hapa hapana sheria ya namna hiyo. Ashukuru, lakini asishukuru upesi mno. Sheria haipo, faili lipo. Mwanamke mtumishi ambaye barua ya kumwomba kambini imefika ofisini kwa mkuu wake, na barua hiyo ikalala mezani mpaka kambi ikafungwa, amezuiwa sawasawa na yule aliyenyimwa pasipoti. Msichana wa sekondari ambaye jina lake limeondolewa katika orodha ya safari kwa sababu nauli imetosha wavulana tu, amezuiwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kule anayezuia anajulikana kwa jina, na hapa amejificha nyuma ya maneno kama "linashughulikiwa" na "fungu limekwisha". Nani atamshitaki nani?

Ni vema basi kutazama kwa karibu mahali ambapo wachezaji wa kesho wanapotea. Hawapotei uwanja wa ndege. Wanapotea saa tisa alasiri, kengele ya mwisho inapolia. Saa hiyo mvulana huweka daftari chini na kwenda kucheza chandimu katika kiwanja cha vumbi. Msichana wa darasa lilelile huchukua ndoo. Atateka maji, atakoka moto, atambeba mdogo wake mgongoni, na jua litakuwa limekuchwa. Fikiria tofauti ya saa mbili kila siku, kwa muda wa miaka saba ya shule ya msingi. Chandimu, pamoja na uduni wake wote, ni ndugu wa karibu wa futsal: wachezaji wachache, nafasi finyu, milango midogo, mpira usiodunda. Mvulana wa Kitanzania hulelewa katika shule hiyo ya vumbi bila ada. Msichana hapati hata siku moja ya mahudhurio.

Kwa sababu hiyo, kusema kwamba wasichana wacheze baada ya masomo ni kusema kwamba wasicheze. Saa ya msichana ni ile iliyo ndani ya ratiba ya shule, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo nyumbani hawawezi kuidai. Mwalimu anayekigeuza kipindi cha michezo kuwa kipindi cha kufagia, au cha kurudia hesabu, humpunguzia mvulana kidogo. Msichana humnyang'anya vyote. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka kipindi hicho kilindwe kama kinavyolindwa kipindi cha Kiswahili.

Linakuja sasa suala la kiwanja. Shule nyingi zina uwanja wa netiboli, ambao kwa vipimo vyake halali una urefu wa mita 30 na nusu na upana wa mita 15 na robo. Huo si uwanja wa futsal ya kimataifa, lakini kwa watoto wa darasa la tatu hadi la saba unatosha kabisa. Udongo uliosawazishwa na kushindiliwa, mistari ya chokaa au majivu, miti minne ya kusimamisha milango, na mpira wa kawaida uliopunguzwa upepo ili usiruke: vitu hivyo mwalimu mwenye nia huvipata kabla ya Ijumaa. Havihitaji kikao. Na netiboli haitapoteza kitu, kwa kuwa mabinti walewale watacheza michezo yote miwili, na wepesi wa mguu utawafaa kotekote.

Hatua ya pili inahitaji halmashauri. Sakafu moja laini ya mita 40 kwa 20 katika kila wilaya, yenye mistari ya rangi mbalimbali, hutumika kwa futsal, mpira wa mikono, mpira wa kikapu, wavu na netiboli, na siku ya mkutano wa wazazi hukaliwa na viti. Nchi hii pamoja na Kenya na Uganda zilikabidhiwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na ni haki viwanja vikubwa vijengwe kwa ajili hiyo. Lakini uwanja wa makumi ya maelfu ya watazamaji hufundisha kutazama. Sakafu ya wilaya hufundisha kucheza. Taifa linahitaji vyote viwili, na lisidanganyike kwamba cha kwanza kitazaa cha pili.

Hapa lazima pia lisemwe jambo ambalo halisemwi sana. Katika miji inayokua, viwanja vya shule vimekuwa vikimegwa kidogo kidogo: leo kona moja kwa ajili ya vibanda vya biashara, kesho upande mmoja kwa ajili ya maegesho. Kila mara hupatikana muhuri na sahihi. Ardhi ya mita 40 kwa 20 ni ndogo. Mtu akiimega haionekani kwa mbali. Lakini ni timu nzima ya Taifa inayomegwa, na aliyetia sahihi huenda akawa miongoni mwa watakaopiga makofi mbele ya kamera timu ikishinda.

Wapo watakaojibu kwamba nchi ina mahitaji makubwa zaidi: madarasa, madawati, dawa. Hoja hiyo ni ya kweli, na anayeidharau hajafika vijijini. Lakini hoja hiyo haijapata kutumiwa kuwazuia wavulana wasicheze. Husikika pale wasichana wanapoomba mpira. Tena kilichopendekezwa hapa kuanzia ni chokaa, kipindi kimoja na mpira mmoja. Wapo pia watakaosema kwamba michezo huwashusha wasichana katika masomo. Walimu wazoefu wanajua kwamba mara nyingi mambo ni kinyume. Msichana mwenye jina katika timu ya shule ana sababu moja zaidi ya kufika shuleni kila siku, ana watu kumi wanaouliza habari zake asipofika, na mwalimu wake ana haki ya kubisha hodi kwao akisikia minong'ono ya kumwoza. Hilo peke yake lingetosha kuutetea mchezo, hata kama Kombe la Dunia lisingekuwapo.

Na wapo, mwisho, watakaotaja mabao ya Ureno na kuuliza faida iko wapi. Hao wakumbushwe kwamba mtoto anayefungwa na mkubwa wake haambiwi aache kucheza, huambiwa akue. Kushindwa kule kumewapa Watanzania kipimo ambacho hawakuwa nacho. Kabla ya Novemba 2025 nchi hii haikuwa imejipima na mataifa makubwa ya futsal ya wanawake katika Kombe la Dunia. Sasa umbali unajulikana, na safari inayojulikana urefu wake hupangiwa masurufu.

Yanayopaswa kufanywa, basi, yako wazi, na kila moja lina mwenyewe. Walimu wa michezo waufundishe mchezo huu kwa wasichana kuanzia darasa la tatu, wasingoje kidato cha tatu, kwa maana samaki mkunje angali mbichi. Waandaaji wa UMITASHUMTA na UMISSETA waupe futsal ya wasichana nafasi kamili katika ratiba, maana kisichokuwa na kikombe shuleni hakina mazoezi. Maofisa elimu na maofisa michezo wa wilaya wakague vipindi vya michezo kama wanavyokagua maandalio ya masomo. Baraza la Michezo la Taifa na Shirikisho la Mpira wa Miguu waendeshe mafunzo ya walimu wa futsal na ya waamuzi, na wahakikishe wanawake wamo katika makundi yote mawili. Mchezo ambao saa yake husimama na makosa yake huhesabiwa hauwezi kukua bila waamuzi wanaozijua kanuni. Wakuu wa idara wazijibu barua za kuwaombea wachezaji ruhusa ndani ya siku chache, kwa ndiyo au kwa hapana, na kwa jina. Na watumishi wenyewe, ambao hukutana kila mwaka katika michezo ya SHIMIWI, wajiulize kwa nini akina mama wa ofisini wasianzishe timu zao za watu watano. Mtumishi aliyewahi kutokwa jasho katika sakafu ile hataliacha faili la mchezaji lilale mezani.

Timu iliyofika Rabat na Pasig imekwisha kufanya wajibu wake. Ilipokea mchezo ambao haikulelewa nao, ikawa ya pili barani Afrika, ikafungua mlango ambao hakuna aliyeufungua kabla yake. Haidaiwi kitu. Wanaodaiwa ni wale walio na funguo za stoo za vifaa, ratiba za vipindi na ramani za viwanja.

Katika shule moja ya msingi, asubuhi hii, yupo mtoto wa kike wa darasa la nne ambaye mguu wake wa kushoto una akili kuliko miguu ya wavulana wote wa darasa lake. Yeye mwenyewe hajui, kwa kuwa hajapata kupewa mpira. Miaka minane ijayo atakuwa na umri wa kuvaa fulana ya Taifa. Kama atakuwa amevaa fulana hiyo, au atakuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa mwepesi, litaamuliwa na mwalimu mmoja katika kipindi kimoja cha wiki, muda mrefu kabla ya wimbo wa Taifa kupigwa.